MREJESHO: Tumerudi kutoka Crescent City, asanteni sana

Wapendwa, mtakumbuka niliuliza siku 2 zinatosha kuona nini Crescent City, kule kaskazini kabisa ya California, nikiwa na mama aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga na magoti yake yanamsumbua. Basi tumeenda, tumerudi salama.

Aliyesema tuanze na Stout Grove, ule msitu wa miti mirefu ya redwood, Mungu ambariki. Mnapita Howland Hill Road, barabara ya vumbi nyembamba mno, miredwood imebana huku na huku mpaka unaendesha taratibu kama unapita uchochoroni, halafu mzunguko wenyewe wa kutembea ni mfupi tu kama kilomita 1. Kuna kakilima ka kushuka toka parking, nilimshika mkono. Mama aliweka kiganja kwenye gome akanyamaza muda mrefu, miti mingine inapita mita 90 jamani, picha hazionyeshi chochote.

Mnara wa taa wa Battery Point (wa tangu 1856) unafikika kwa miguu maji yakikupwa tu, kwa hiyo angalieni ratiba ya maji kabla. Mama hakuhitaji ratiba, aliangalia bahari akasema "tukae kidogo, yanatoka haya", na kweli yakatoka.

Pia tulisoma habari za tsunami ya 1964 iliyobomoa mji, iliniuma sana.

Bebeni masweta hata Julai, ukungu na baridi yake si mchezo.