Themostati mpya imezima ghafla baada ya kuwasha baridi, nyaya nilihamisha herufi kwa herufi

ndimu_mbichi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nyumba nzima tumelala na joto. Nilikuwa na themostati (kile kidhibiti cha joto na baridi cha ukutani) ya kizamani ya betri mbili, nikaamua kufunga ya waifai ili niwe napunguza baridi nikiwa kazini. Hita ni ya gesi, ipo stoo, inasukuma hewa kwenye mabomba ya darini, na mashine ya baridi ipo nje, zote zinaendeshwa na themostati moja ya koridoni.

Nilichofanya ni hiki. Nilizima breka ya hita, nikapiga picha kabla sijagusa kitu, nyaya zilikuwa tano: nyekundu kwenye R, nyeupe W, njano Y, kijani G na bluu kwenye B. Ya zamani haikuwa na C, yaani waya wa kurudi, kabisa. Mpya ina Rc, Rh, W1, Y1, G, C na moja imeandikwa O/B. Nikahamisha herufi kwa herufi, bluu nikaichomeka O/B kwa sababu ndo B pekee niliyoiona, C nikaiacha wazi. Nikawasha breka, skrini ikawaka vizuri tu, ikaniuliza kama nina hiti pampu (mashine ya nje inayopoza na pia kupasha nyumba) nikajibu ndiyo kwa vile yenyewe ilishaona kuna waya pale O/B. Waifai ikashika. Nikaweka baridi, ikahesabu kidogo, nikasikia tik moja ukutani, feni haikuwaka, mashine ya nje kimya, na baada ya muda skrini ikafifia mpaka ikazima.

Nimezima na kuwasha breka mara nne hakuna kitu. Nimerudisha ile ya zamani, yenyewe skrini inawaka kwa betri lakini hakuna kinachoitika, si joto si baridi si feni. Hivi nimeunguza themostati au nimeunguza mashine? Kuna jamaa ananiambia nihamishie bluu kwenye C nijaribu tena, naogopa kuongeza kosa juu ya kosa.

mzee_wa_breka

Pole sana mkuu. Hiyo ni fyuzi ya kwenye bodi, asilimia kubwa. Fungua mfuniko wa hita utaona bodi ya kijani yenye nyaya nyingi na fyuzi ndogo bapa ya plastiki kama zile za gari. Itakuwa imekatika. Kama huna nyingine weka hata ya ampea 15 ya gari, au kipande cha waya wa shaba, uone kwanza kama mashine inaamka, alafu utatafuta ya kweli kesho.

FundiBaridi

Ndimu_mbichi tafadhali usiweke ampea 15 wala waya wa shaba, hata kwa dakika moja. Mzee wangu naheshimu mchango wako na kuhusu fyuzi uko sahihi kabisa, ila hapo pa shaba tutamuunguzia mtu transfoma. Zile nyaya nyembamba za themostati zinabeba volti 24 tu, zinatoka kwenye transfoma ndogo iliyo ndani ya hita, na nyingi ni za VA 40, yaani volti mara ampea. Gawa 40 kwa 24 unapata kama ampea 1.7, ndo uwezo wake wote. Fyuzi ya 3 au 5 inakatika kabla transfoma haijaungua. Ukiweka 15 na bado kuna shoti, kitakachokatika ni transfoma yenyewe. Soma namba iliyoandikwa kwenye bodi pembeni ya fyuzi urudishe ileile, 3 huwa ya zambarau na 5 ina rangi ya kahawia iliyopauka.

Sasa chanzo. Mimi nashuku ule waya wa bluu. Hiyo B ndo imewaponza wengi. Kwenye hiti pampu, O au B ni waya wa kuendesha vali ya kugeuza, ile inayoamua gesi ya ubaridi izunguke upande gani, joto liingie ndani au litoke nje. Lakini wewe umesema hita yako ni ya gesi na nje kuna mashine ya baridi tu. Mashine ya namna hiyo haina vali ya kugeuza, kwa hiyo haina kazi na O/B. Na kuna themostati za zamani ambazo B ilikuwa ndo waya wa kurudi, yaani C yenyewe kwa jina jingine.

Fikiria kilichotokea. Themostati ni swichi tu, hakuna kingine. Umeme unakuja kwa R, ukitaka feni inaunganisha R na G, ukitaka baridi inaunganisha R na Y, ukitaka joto R na W. Umeme unapita kwenye koili ya rilei au kontakta (swichi zinazovutwa na umeme) kule kwenye mashine, ile koili ndo mzigo, alafu unarudi transfoma kupitia C. Wewe uliiambia ni hiti pampu, kwa hiyo ulipoweka baridi ikaunganisha pia R na O/B. Kama bluu ni C, hapo R imegusana na C moja kwa moja bila koili yoyote katikati. Hiyo ni shoti, fyuzi ikaondoka. Skrini iliwaka mwanzoni kwa sababu themostati nyingi za waifai zikikosa C zinaiba umeme kidogo kupitia waya wa Y au wa W, na iliendelea muda mfupi baada ya hapo kwa akiba ya betri yake ya ndani.

Usihamishe bluu kwa kubahatisha lakini. Waya hauishii ukutani, ufuate mpaka kwenye bodi. Zima breka ya hita NA breka ya mashine ya nje, fungua mfuniko, tafuta ileile kebo, angalia bluu imefungwa kwenye temino ipi. Ikiwa kwenye C basi kesi imeisha. Hakikisha pia haijaunganishwa njiani na waya wa rangi nyingine, mafundi wengi huunga.

Usitegemee kupima volti pale ukutani peke yake. Ukipima R na bluu ukapata 24 mpaka 28 utafurahi, ila jaribu kupima R na Y, utakuta karibu namba hiyohiyo, kwa sababu multimita inavuta umeme mdogo sana na koili haiizuii. Nimeona watu wakichomeka waya wa Y kwenye C kwa kosa hilo.

mama_wawili

Naongezea kwa uzoefu wa nyumbani kwetu. Sisi tuna hiti pampu ya kweli na dada yangu aliyefunga themostati hakugusa mipangilio ya O/B, basi ukiomba joto unapulizwa na baridi, ukiomba baridi unapata joto. Alihangaika na nyaya siku mbili, kumbe nyaya zote zilikuwa sahihi, ilitakiwa kuingia kwenye menyu tu kubadilisha O iwe B. Mashine nyingi vali inapewa umeme wakati wa baridi, hiyo ndo O, chache zinapewa wakati wa joto, hiyo ndo B. Kwa hiyo ndugu yangu kabla ya kujibu ndiyo kwenye swali la hiti pampu uwe una uhakika. Kama ile mashine ya nje huwa inafanya kazi na wakati wa kupasha nyumba, ni hiti pampu. Kama wakati wa joto inakaa kimya na hita ya gesi ndo inaunguruma, siyo.

Na rangi msiziamini kabisa. Kwetu waya wa G ulikuwa wa kahawia.

Kipande_cha_Mkeka

Samahani naingilia kidogo fundi, mimi nina mashine za baridi zile za kubandika ukutani, moja ndani moja nje, na rimoti. Naweza kufunga themostati ya hivi?

FundiBaridi

Kipande_cha_Mkeka hapana, si moja kwa moja. Hizo kipande cha ndani na cha nje vinaongea kwa waya wa mawasiliano wa kwao, hakuna R wala Y, na kwenye hizohizo nyaya kunaweza kuwa na umeme mkubwa wa ukutani. Kuna kifaa cha kuunganishia ambacho watengenezaji wengine wanauza kwa modeli zao, au tumia kidhibiti cha waifai kinachotuma ishara kama rimoti, hicho hakigusi waya wowote. Tahadhari hiyo inawahusu pia wenye hita za umeme za ukutani: ukifungua themostati ukakuta nyaya nene mbili au nne zimefungwa kwa vifuniko vya kuzungusha, funika palepale, hiyo ni volti 120 au 240, themostati ya volti 24 haiingii hapo.

ndimu_mbichi

Nimerudi wakuu, na niseme asanteni kabla sijasahau.

Nilizima breka zote mbili nikafungua hita. Fyuzi ni ya zambarau, 3, imekatika katikati unaona kabisa. Nikafuata kebo, bluu imefungwa kwenye C na chini ya skrubu hiyohiyo kuna waya mwingine unaotoka nje, na kwenye Y pia zipo mbili, moja ya themostati moja inaenda nje. Nikaelewa kumbe kontakta ya mashine ya nje inatumia Y na C.

Nikaweka fyuzi mpya ya 3, nikawasha breka, hakuna kitu! Bodi giza, hata kale kataa kake hakawaki. Nikadhani transfoma imekufa, nikakaa chini kabisa. Nimezunguka kama dakika ishirini ndo nikaona kitufe kidogo pembeni mwa mlango wa hita, mfuniko ukiwa wazi kinakata umeme wote. Nikarudisha mfuniko, kataa kakawaka. Naandika hili kwa herufi kubwa kwa atakayekuja nyuma yangu: FUNGA MFUNIKO KABLA HUJASEMA IMEKUFA.

Nikazima tena, bluu nikaitia C, O/B tupu, nyekundu Rc, zilizobaki kama mwanzo. Safari hii nikajibu si hiti pampu, hita ya gesi, baridi hatua moja. Feni nikaijaribu kwanza peke yake, ikawaka. Joto likawaka. Baridi ilisubiri kama dakika tano nikaanza kuogopa tena, alafu nikasikia mashine ya nje inaamka. Themostati haikuungua jamani, nimefurahi mno.

Limebaki moja. Inasoma nyuzi 27 wakati kipimajoto changu pembeni kinasema 24. Hiyo ni ubovu au kuna setingi?

FundiBaridi

Hongera sana, umefanya kazi safi kuliko baadhi ya mafundi, na kuanza na feni peke yake ndo utaratibu wenyewe. Zile dakika tano ni ulinzi wa kompresa, ikizimwa lazima shinikizo la gesi lisawazike kabla haijawashwa tena, usijaribu kuliondoa hilo.

Kuhusu nyuzi, kabla ya setingi itoe themostati kwenye kitako chake weka mkono mbele ya tundu zinakotokea nyaya. Ukisikia hewa inapuliza basi ni hewa ya joto ya ndani ya ukuta inashuka kutoka darini na inapiga kihisi kwa nyuma. Ziba tundu kwa putii au sponji, usiweke kitu kigumu ambacho hutaweza kukitoa. Angalia pia jua halifiki hapo na hakuna taa au televisheni chini yake. Subiri saa kadhaa, ndo uje kusahihisha kwenye menyu kama bado kuna tofauti.

ndimu_mbichi

Hewa ilikuwepo, tena nyingi, tundu lenyewe lilikuwa kubwa kuliko kidole gumba. Nimeziba kwa sponji tangu mchana, saa hizi inasoma 24 na nusu na kipimajoto 24. Setingi sijagusa.

mama_wawili

Picha ya nyaya uliyopiga ichapishe uibandike ndani ya mfuniko wa hita ndugu yangu, na uandike bluu ni C. Yule aliyeandika B miaka hiyo hakumwachia mtu maelezo.