Wasiwasi usiokatika miezi na miezi: ugonjwa au maisha tu? Na diazepamu ya kila usiku iachweje?

MhudumuTongoni
Salaam wakuu. Kwenye kaya ninazopitia kuna kina mama wenye malalamiko yale yale: moyo kwenda mbio, shingo na mabega kukaza, saa 8 usiku usingizi umeshakata. Malaria hakuna, presha nzuri. Nyumbani wanaambiwa "acha mawazo", wengine wanaambiwa ni jini. Baadhi wanameza diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) ya mg 5 kila usiku, ya kununua dukani. Nitatofautishaje? Na hizo dawa niwaambie waache?

NesiAkili
Usiwaambie waache ghafla! Aliyeitumia miezi akiikata siku moja hutetemeka, hutoka jasho, wasiwasi hurudi kwa kishindo, na wengine huanguka kifafa. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari, mathalani robo ya kidonge kila wiki 2, na robo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Dawa hiyo ni ya wiki 2 hadi 4 tu. Zaidi ya hapo mwili unaizoea.

Kutofautisha: wasiwasi wa kawaida una jambo lake, ada ya shule ikilipwa unakwisha. Ule wa ugonjwa, ada ikilipwa, unahamia kwenye chombo kilichoko baharini, kisha kwenye kikohozi cha mtoto. Uwepo siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, mtu ashindwe kuuzima, na awe na dalili 3 kati ya hizi: kutotulia, kuchoka upesi, akili kutoshika jambo, hasira za haraka, misuli kukaza, usingizi mbovu. Tumia dodoso la GAD-7: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mpe rufaa. Na uliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Akisema ndiyo, apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

MfamasiaNgamiani
Wapimwe na wingi wa damu na tezi ya shingo pia. Anayekonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka na joto halivumilii, huenda shida ni tezi. Kahawa nayo: vikombe vya barazani ni vidogo, lakini hesabu vingapi. Ya saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Daktari akiandika sertralini, dawa ya wasiwasi ya kumeza kila siku, mara nyingi ni mg 25 wiki ya kwanza, kisha 50. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku za mwanzo huleta kichefuchefu na wasiwasi unaweza hata kupanda, nafuu inakuja wiki ya 2 hadi ya 6. Asiyeelezwa anaitupa siku ya nne na kurudi kwenye diazepamu. Akipona aendelee miezi 6 hadi 12, kisha apunguziwe. Wasichanganye na tramado (dawa ya maumivu), na mjamzito aseme mapema.

NesiAkili
Dawa peke yake ni nusu ya kazi. Mke wa mvuvi akipiga simu mara kumi kuuliza kama chombo kimefika, kila jibu linamtuliza dakika chache, halafu kichwa kinadai jingine. Wakubaliane simu moja tu, chombo kikitia nanga. Siku za kwanza atahangaika, ndiyo mazoezi yenyewe.

Kisha apange dakika 20 za wasiwasi, saa 11 jioni, si kitandani. Likija wazo asubuhi aliandike kwa neno moja na kuliahirisha. Saa ikifika aligawe: lina la kufanya leo, au halina? Lenye la kufanya apange hatua moja. Lisilo nalo aliache bila kubishana nalo. Kwa mabega: akaze sekunde 5, aachie sekunde 15, akipanda kutoka miguuni hadi usoni.

MhudumuTongoni
Nimeelewa. Kliniki ya afya ya akili wanaikwepa, wakisikia tu wanafikiri watapelekwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Na wale wanaokunywa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya)?

NesiAkili
Kombe na dua havigombani na sertralini, usianzishe ubishi huo. Mganga akiwaambia waache vidonge, hapo ndipo uingilie. Kuhusu Lutindi waambie wagonjwa wa wasiwasi hutibiwa wakitokea nyumbani. Waanzie zahanati yao, na ikibidi rufaa ni Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, wanarudi jioni kupika.