Kwenye ishu ya Kongo nani hasa ana sauti, EAC, SADC au wageni?

Mwana wa Kigoma
Wakuu habari zenu. Hii vita ya waasi wa M23 mashariki mwa Kongo inaniumiza kichwa. 2022 Kongo anaingia EAC, jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, Nairobi ndo ilikuwa kila kitu, Uhuru msuluhishi, kamanda wa jeshi la jumuiya Mkenya. Mwaka mmoja tu Kinshasa wakagoma kuongeza muda, Desemba 2023 jeshi likaondoka wakaingia SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, yaani wanajeshi wa Afrika Kusini, Malawi na sisi Tz. Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa M23, vijana wetu wawili wa JWTZ wakafia huko, Machi SADC nao wakafunga kazi. Kuja kushtuka mkataba wa amani wa Kongo na Rwanda unasainiwa Washington Juni 27. Sasa Arusha, makao makuu ya EAC, wanaamua nini?

Mzee Ibara
Mkuu shida iko kwenye mkataba wenyewe wa EAC. Ibara ya 123 inataka sera moja ya mambo ya nje na usalama, ila ibara ya 12 inasema marais wanaamua kwa kukubaliana wote, mmoja akikataa basi. Rwanda na Kongo wote wamo ndani, hapo tamko lenye meno litoke wapi? SADC Rwanda hayumo, ndo maana Tshisekedi, rais wa Kongo, alikimbilia kule, alitaka jeshi la kupigana, EAC walikuwa wanasimama katikati.

Wa Eastlands
Kwa upande wetu Kenya sauti ilianza kupotea toka Jenerali Nyagah, yule kamanda wa jeshi la EAC, ajiuzulu 2023. Ruto aliitisha kikao cha EAC cha mtandaoni Januari 29 Goma ikiwa imeshaanguka, Tshisekedi hakutokea, na wenzake walikuwa wanamsubiri. Hiyo ni message. Lakini Tz msijitoe, nyinyi mko EAC na SADC kote kuwili, kikao cha pamoja cha Februari 8 kilikuwa kwenu Dar na Kagame wa Rwanda alikuja mwenyewe, kwa nini hamkukomaa hapo hapo?

Mwana wa Kigoma
@Wa Eastlands tungekomaa na nini ndugu yangu? Qatar ana hela zake kwenye uwanja wa ndege wa Bugesera huko Rwanda, Kigali lazima wamsikilize. Marekani alimwekea vikwazo Kabarebe, waziri wa Rwanda, Februari ile ile na anayataka madini. Sisi tulipeleka wanajeshi, wenye hela ndo wakakaa mezani. Machi 18 wajumbe walikuwa wanasubiriwa kwa mazungumzo Luanda, Angola, M23 wakajitoa, siku hiyo hiyo marais wa Kongo na Rwanda wakaonekana Doha, Qatar, na Angola hana habari. Rais wa Angola, Lourenço, akaachia usuluhishi, na mimi simlaumu.

Mama Virunga
Mimi ni wa Goma. Munaongea Arusha, munaongea Doha, lakini huku benki zilifungwa tangu Januari ile na ndege hazikutua tena, mtu akitaka pesa yake anavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Wakubwa wakikutana popote sisi tunauliza kitu kimoja tu, benki inafungua lini.