SSI: mzazi alikaa Mombasa siku 71, sasa barua inadai arudishe dola 2,901

Kisauni_Ohio
Wakuu, naomba mwenye kuzijua sheria za SSI, ile posho ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo. Mzee anapokea SSI ya ulemavu hapa Ohio, dola 967 kwa mwezi (kiwango cha 2025), hana kipato kingine. Aliondoka 10 Juni 2025 kwenda Mombasa, akarudi 20 Agosti. Muda wote huo hela ziliingia benki kama kawaida. Sasa imekuja barua ya Social Security (SSA, idara inayolipa SSI): Julai, Agosti na Septemba hakustahili, arudishe dola 2,901. Barua ina wiki mbili tangu iandikwe. Hela zenyewe zilishaliwa kwenye kodi ya nyumba na chakula. Septemba inaingiaje wakati alikuwa ameshafika? Na asiye na cha kulipa afanyeje?

Fundi_wa_Fomu
Tuanze na Septemba, maana hapo kuna pesa ya kuokoa.

SSI haimfuati mtu nje ya Marekani. Akikaa nje siku 30 mfululizo, anahesabiwa yuko nje hata baada ya kurudi, mpaka akamilishe siku 30 mfululizo ndani ya nchi. Juni haiguswi kwa sababu sehemu ya mwezi alikuwa hapa. Julai yote alikuwa nje, imekwenda. Agosti alirudi tarehe 20, lakini zile siku 30 zilikuwa bado zinahesabiwa, nayo imekwenda. Zinakamilika karibu tarehe 18 au 19 Septemba, na siku inayofuata haki yake inarudi. Mwezi huo analipwa kwa siku zilizobaki, yaani siku 11 au 12 kati ya 30. Hiyo ni kati ya dola 354 na 387, kutegemea siku ya kutua imehesabiwaje.

Dola 2,901 ni 967 mara tatu kamili. Kwa hiyo kwa tarehe ulizotaja, Septemba nzima imewekwa kwenye deni, na hilo linapingika. Jaza fomu SSA-561, ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ambatisha nakala ya mihuri ya pasipoti na tiketi yenye tarehe ya kurudi. Muda wa rufaa ni siku 60 tangu kupokea barua, nao wanachukulia umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Lakini usiitumie hiyo 60. Peleka ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua, ili makato yasianze kabla hawajaamua. Wiki mbili zimeshapita, kwa hiyo wiki hii.

Dada_Utah
Kwani asiwapigie tu simu, akubali kukatwa kidogo kidogo, yaishe?

Fundi_wa_Fomu
Ndipo wengi wanapokosea, dada. Akianza na mpango wa kulipa, hakuna atakayemuuliza kama deni lenyewe ni sahihi au kama angesamehewa. Fomu ni tatu na kila moja ina kazi yake. SSA-561 inasema "hesabu si sahihi". SSA-632 inasema "hata kama ni sahihi, naomba nisamehewe". SSA-634 inasema "nitalipa, ila punguzeni makato". Huyu mzee apeleke 561 na 632 pamoja: ya kwanza kwa siku za Septemba, ya pili kwa kilichobaki, dola 2,514 hadi 2,547.

Kisauni_Ohio
Asante sana. Tatizo hakuwaarifu kabla ya kusafiri. Kiingereza hakijui, barua zao zote zinakuja kwa Kiingereza. Msamaha si utakataliwa?

Bi_Salma_Mkalimani
Si lazima. Msamaha una maswali mawili: je, alikuwa na kosa, na je, kulipa kutamnyima mahitaji ya lazima? La pili kwake ni jepesi, kwa sababu anayeishi kwa SSI tupu tayari yuko chini. Vita iko kwenye la kwanza. Sheria inawataka waangalie umri, elimu, hali ya akili na mwili, na uwezo wa lugha. Kwa hiyo kwenye 632 msiandike "hakujua" mkaishia hapo. Andikeni nani humsomea barua, kama alipoomba SSI alikuwa na mkalimani, kama kuna mtu aliyewahi kumweleza kwa Kiswahili kanuni ya siku 30. Kama kuna mtoto aliyekuwa akimtafsiria, semeni ana umri gani. Maneno matupu ya "tunaomba huruma" hayana uzito wowote kwenye fomu hiyo.

Msamaha hauna ukomo wa muda, ila ukichelewa makato yanaanza. Na kabla ya kuukataa wanatakiwa kumpa nafasi ya kuona faili lake na kuzungumza na afisa ana kwa ana. Haki hiyo ya kusikilizwa ilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1979, katika kesi ya Califano v. Yamasaki. Mkalimani ni bure, aombwe mapema. Msimpeleke mjukuu wa miaka 12.

Fomu zipelekwe ofisini kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa tarehe. Kama ni posta, iwe ya kusajiliwa.

Fundi_wa_Fomu
Nyongeza: akikataliwa kote, makato ya SSI kwa kawaida ni asilimia 10 ya kipato cha mwezi. Kwa mzee huyu ni dola 96.70, deni lote la 2,901 lingemaliza miezi 30. Akiona nyingi, ndipo 634. Mpango wa kulipa unaweza kufika miezi 60, na 2,514 ukigawa kwa 60 ni kama dola 42. (Wanaopokea SSDI, yaani bima ya ulemavu ya waliofanya kazi na kuchangia, wasisome hii kama yao: kule makato ni makubwa zaidi, na kanuni za kukaa nje ni tofauti.)

Chama_Hazina
Jambo moja msilipuuze. Ukiomba msamaha unawapa ruhusa ya kuona akaunti za benki. Kwa hiyo kabla ya kutuma, pitieni taarifa ya benki ya mzee. Mtu mmoja wa SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 mwezi unapoanza. Michango ya msiba au hela ya chama ikipitia kwake na kulala mpaka tarehe 1, inaonekana ni yake, na deni jipya linazaliwa. Hela aliyoshika kwa niaba ya wengine si mali yake, ila lazima athibitishe: orodha ya waliochanga, ujumbe wa kila aliyetuma, na risiti ya kuifikisha kwa wafiwa. Tangu sasa, michango ipitie akaunti ya mtu asiye na SSI.

Kisauni_Ohio
Hela ya matanga ilipita kwake Mei, dola 1,400. Ililala siku nne, ikatoka kabla ya tarehe 1.

Chama_Hazina
Basi hapo hakuna shida ya kikomo cha 2,000. Lakini ukaguzi unaweza kuuliza kama ni kipato cha Mei, kwa hiyo tafuteni orodha ya waliochanga leo, kabla watu hawajafuta ujumbe.