Nahamia Makete kutokea Mbarali, hiyo baridi ikoje na viazi nipande lini?

Mwalimu_Ubaruku: Habari zenu wakuu. Mimi mwalimu, nipo Ubaruku huku Mbarali, mwezi wa saba nahamia Makete upande wa Matamba. Huku tumezoea joto na mpunga, ile milima juu ya Chimala naiona kila siku imefunikwa mawingu. Sasa inakuwaje sehemu ya karibu hivi hali ya hewa iwe tofauti kiasi hicho? Na nikifika tu naweza kupanda viazi? Nina mke na watoto wawili, mshahara peke yake hautoshi.

Mkinga_wa_Juu: Karibu sana mwalimu, ndo kwetu huko. Usihesabu kilomita, hesabu mwinuko. Nyie mko kwenye mita 1,000 na kidogo, uwanda wa Kitulo uko kama 2,600, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6, we piga hesabu. Utapita Hamsini na Saba, ile barabara ya kona 57 kutoka Chimala, chini mmefungua vioo vyote, mkikaribia juu kila mtu anatafuta koti lake kwenye begi. Matamba iko chini kidogo ya Kitulo ila mwezi wa sita mpaka wa nane hakuna utani, blanketi mbili kila kitanda na watoto wavae soksi nzito.

Dada_Tukuyu: Niongezee kwenye mawingu. Hewa yenye unyevu inatoka upande wa Ziwa Nyasa, ikigonga milima inapanda, inapoa, inamwaga mvua ndo maana sisi Tukuyu matope hayaishi, ikivuka kuja Usangu, huko uwandani kwenu Mbarali, imeshakauka. Lakini mpunga wenu unakunywa maji ya milima hiyohiyo, Ruaha Mkuu unaanzia huko. Kwa hiyo mwalimu ukifika tafadhali usilime kwenye chanzo cha maji hata ukiona wenzako wanalima, ndugu zako wa Ubaruku ndo watakaokosa maji.

Mkulima_Viazi: Kuhusu viazi usikurupuke. Mwezi wa saba usiku hakuna mawingu, ardhi inapoteza joto lote, hewa baridi inateremka kukaa bondeni, na vinyungu vyetu, yaani vile vijishamba vya kiangazi vyenye unyevu, viko bondeni hukohuko. Mwaka mmoja niliamka nikakuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, umande umegandia juu yake, kufika saa sita yote meusi yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Robo eka nzima ilienda. Kama una maji karibu ngoja baridi ilegee, mwezi wa tisa hivi, na chagua sehemu ya mteremko. Kama huna, subiri mvua za mwezi wa kumi na moja, zikianza zinakwenda mpaka wa tano.

Mkinga_wa_Juu: Na kitu kingine mwalimu, nakuomba sana hapa. Wageni wengi wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha wanalala. Ule moshi usioonekana unaua. Ota moto jikoni, mkienda kulala jiko libaki nje.

Mwalimu_Ubaruku: Asanteni sana, la mkaa hilo nilikuwa nimeshapanga kulifanya kabisa, nimemwambia mke wangu sasa hivi. Mbegu nitatafuta mwezi wa nane basi. Mkulima, hapo Matamba shamba la mteremko la kukodi unaanza kuulizia kwa nani?

Mkulima_Viazi: Anza na mwenyekiti wa kitongoji, na umuulize asubuhi jua likichomoza linafika wapi kwanza. Chukua hapo.