Tupeane uzoefu: kitabu cha sayansi umewahi kukihangaikia hadi wapi?

Wakuu, leo nimezunguka maduka manne ya vitabu, Posta mpaka Kariakoo, namtafutia mdogo wangu wa kidato cha tano PCM (fizikia, kemia, hisabati) kitabu cha fizikia. Duka la kwanza, rafu zote za mbele ni ujasiriamali, ndoa na maombi. Nikaulizia sayansi. Dada wa kaunta akaninyooshea kidole kona ya chini kabisa: maswali na majibu ya mitihani ya taifa ya NECTA, pamoja na chati ya mifupa. Nikamwambia nataka kitabu chenyewe. "Kaka, hivyo haviulizwi. Tukileta vinakaa mpaka jalada linapauka."

Mwisho nimekipata kwa muuza mitumba kando ya barabara. Nelkon kuukuu, muhuri wa maktaba ya shule bado unasomeka, na kurasa za mada ya mwanga zimenyofolewa zote. Shilingi 15,000. Nimechukua hivyohivyo. Nyie je?

*Mdau, Mbeya:*
Angalau wewe una Kariakoo. Sisi PCB (fizikia, kemia, biolojia) tulikuwa na BS moja, yaani Biological Science, ile ya biolojia, darasa zima. Inalala kwa zamu, mimi yangu saa nane usiku na tochi. Nikaona isiwe tabu, nikaacha hela dukani waniagizie Dar. Wiki tatu baadaye mzigo umeshuka na basi, nafungua: kitabu cha biashara! Nilisema BS, jamaa kaandika Business Studies. Kurudisha hela akagoma.

*Mdau, Nairobi:*
Huku ni "inama bookshop" tu. Vitabu vimetandikwa chini, unainama unachagua. Kemia ya chuo nilipata kwa 200, ila ukienda na orodha mkononi utarudi mikono mitupu. Unanunua ulichokikuta.

*Mama wawili:*
Vya darasani mbona vipo, Taasisi ya Elimu (TET) wameviweka bure kwenye maktaba mtandao. Mimi natafuta cha nyota na sayari, cha Kiswahili, chenye picha, cha kumsomea mtoto kabla ya kulala. Sijakiona. Nimenunua cha Kiingereza, natafsiri hapohapo kitandani. Juzi tumefika "shimo jeusi", akauliza nani kalichimba. Nikazima taa.

*Mleta mada:*
Mama wawili umeniua, hahaha. Jamani, mwenye Nelkon yenye kurasa za mwanga aje PM, hela ya kopi natoa mimi.