Mliopata kichocho Uganda, Ziwa Victoria au Nile, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naendesha watalii Arusha hadi Kampala. Kundi langu la mwisho lilishuka Nile kwa maboti ya mpira pale Jinja, wakaogelea na Entebbe. Wamesharudi kwao Ulaya, sasa zaidi ya nusu wana homa, na hospitali imewaambia ni kichocho. Mimi nilibaki na mabegi (maji mengi na mimi hatuelewani), ila madereva wenzangu huoga ziwani. Kwenu kilianzaje?

Mkenya_Makerere: Niliogelea Kalangala, kule visiwani Ziwa Victoria. Ngozi iliwasha jioni ileile, nikajua mbu. Wiki kadhaa mbele homa za usiku, kikohozi kikavu, mwili vipele vya kuvimba. Malaria hamna, nikapewa dawa za taifodi. Zikaisha, nikaongezewa nyingine! Daktari wa tatu ndiye aliyeniuliza, "Umeoga wapi?" Kwenye damu eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zilikuwa juu ajabu, ila choo hakikuonyesha yai la minyoo hata moja.

Dagaa_Ggaba: Sisi wa mwaloni tunaishi nacho. Wanaogawa dawa huja na fimbo, wanakupima kimo, wanahesabu vidonge. Kula kwanza, la sivyo kizunguzungu kitakulaza kwenye nyavu.

Nesi_Mbarara: Wengi mnangoja kukojoa damu. Hiki ni cha tumbo: minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na kikiachwa miaka kinaharibu ini. Mayai huchukua wiki tano na zaidi kuonekana chooni, kwa hiyo kipimo cha mapema kinadanganya. Tena prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Wageni wako waulize daktari wao kuhusu kurudia dozi.

Kijana_wa_Kabale: Njooni Bunyonyi, huku hakuna 😂

Nesi_Mbarara: Kila mwenye hoteli ana ziwa lisilo na kichocho.

Mkenya_Makerere: Na kujifuta taulo harakaharaka?

Nesi_Mbarara: Usilitegemee. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Mleta mada: Nina kundi lingine la Jinja. Nikiwaambia haya si watakimbia?

Dagaa_Ggaba: Waambie kabla hawajalipa, kaka. Wanaopenda yale maporomoko wataingia tu.

Nesi_Mbarara: Na wapimwe miezi miwili baada ya safari, hata asiyeumwa. Hao madereva wenzako nao wapeleke.